MFANYAKAZI APIMWE KWA KAZI YAKE, SI KWA SURA YAKE

Wazee wetu wana methali isemayo: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo ni methali ya sokoni. Yahusu nguo, vyungu, ng'ombe na viazi. Haikutungwa kwa ajili ya mtu aliye kazini. Lakini siku hizi wako watu miongoni mwetu walioitwaa methali hiyo ya sokoni wakaipeleka mahali pa kazi, kisha wakaiingiza katika simu zao za mkononi. Na wanaopimwa kwa kipimo hicho ni dada zetu waliojifunza kazi za kompyuta na mawasiliano.

Jambo lenyewe ni hili. Fundi mwanamume aandikapo katika mtandao kwamba ametengeneza programu ya kuhesabu mavuno ya chai au ya parachichi, wasomaji humwuliza: Yafanyaje kazi? Bei yake ni kiasi gani? Fundi mwanamke akiandika maneno yale yale, akatia na picha yake, maswali hubadilika. Je, ameolewa? Ni mwanamume gani aliyemtengenezea? Mbona amekonda, au mbona amenenepa? Akiwa mzuri machoni pao, huambiwa kwamba mwenye sura kama ile hawezi kuwa fundi wa kweli. Asipokuwa mzuri machoni pao, huambiwa kwamba amekimbilia kompyuta kwa sababu amekosa mume. Mzuri hana akili, na mwenye akili hana uzuri! Mzani wa namna hiyo umeharibiwa makusudi, na mfanyabiashara autumiaye sokoni angekamatwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Dar es Salaam na Nairobi, na kwamba sisi wa Nyanda za Juu Kusini yatupasa kushughulika na mbolea na barabara. Twawajibu kwamba wamechelewa. Simu imekwisha kupanda mlima. Imefika Matamba, juu ya kona za Chimala, mahali ambapo mkulima wa viazi na wa pareto huuliza bei kabla ya kupakia gunia lake. Mjini Makambako, mahali ambapo barabara ya kwenda Songea yaachana na barabara kuu iendayo Zambia, na ambapo reli ya TAZARA yapita, vibanda vya mawakala wa fedha kwa njia ya simu vimejaa kando ya njia, na katika vingi vya vibanda hivyo aketiye na kuzipokea fedha za watu ni msichana. Mjini Njombe vijana hutengeneza simu zilizoharibika na kuandika barua za watu kwa kompyuta. Kazi hizo zimekwisha kuwa kazi zetu. Kwa hiyo na adabu yake, au utovu wake wa adabu, umekwisha kuwa wetu pia.

Basi tuangalie hasara inayopatikana. Mzazi wa Matamba auzaye viazi ili binti yake asome hesabu na fizikia, kisha aende Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, amelipa kwa jasho. Taifa nalo limelipa, kwa walimu, kwa madarasa na kwa mikopo ya masomo. Binti huyo akihitimu, akaeleza hadharani ajuavyo, akapokelewa kwa maneno juu ya kifua chake na miguu yake, atafanya nini? Wengine watavumilia. Wengine wataiondoa picha yao, kisha jina lao, kisha sauti yao. Wengine watajiita kwa jina la kiume ili wasikilizwe. Na mdogo wake aliye kidato cha pili, ambaye husoma maneno hayo hayo katika simu ya nyumbani, atachagua masomo mengine bila kumwambia mtu sababu. Hapo jasho la mkulima limemwagika bure, na aliyelimwaga ni kijana aliyeketi barazani na simu mkononi akidhani anafanya mzaha.

Yafaa pia tukumbuke kwamba dharau hii haikuanza na simu. Katika mwaka 1946, mjini Philadelphia nchini Marekani, walimwengu walionyeshwa kwa mara ya kwanza mtambo mkubwa wa kuhesabu ulioitwa ENIAC. Waliouandalia mtambo huo kazi yake walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Magazeti yaliutukuza mtambo na wanaume walioujenga, na wanawake hao wakabaki katika picha bila majina. Katika miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja, Kathy Kleiman, aliziona picha hizo akauliza wanawake hao ni nani. Aliambiwa kwamba ni warembo waliosimamishwa mbele ya mtambo ili picha ipendeze. Ilipita miaka mingi kabla hawajapewa heshima yao. Katika mwaka 1997 ndipo wote sita walipoingizwa katika orodha ya wanawake mashuhuri wa teknolojia. Watu waliofanya kazi ya ubongo walihesabiwa kuwa mapambo, kwa sababu tu aliyetazama picha hakuweza kufikiri vinginevyo.

Miaka karibu 70 baadaye jambo lile lile lilitokea tena huko huko Marekani. Katika mwaka 1015 wa zamani mtu angesema ni ujinga wa kale. Lakini huu ulikuwa mwaka 2015. Kampuni moja ya kompyuta ya San Francisco, iitwayo OneLogin, ilibandika katika vituo vya treni picha za wafanyakazi wake ili kuwavuta wengine waje kuomba kazi. Mmoja wao alikuwa mhandisi mwanamke, Isis Anchalee. Mara watu wakaanza kusema katika mtandao kwamba huyo si mhandisi, kwamba mhandisi hawi na sura ile, na kwamba amewekwa pale ili kuwavutia wanaume. Yeye aliwajibu kwa kuonyesha kazi yake, na maelfu ya wanawake wahandisi wa nchi nyingi wakatoa picha zao pamoja na yeye, kila mmoja akitangaza kwamba mhandisi huonekana hivi. Jibu hilo lilikuwa jema. Lakini ni aibu kwamba lilihitajiwa.

Tena iko hatari kubwa zaidi kuliko maneno ya watu, nayo ni kwamba mitambo yenyewe hufundishwa upofu na wale waitengenezao. Katika mwaka 2018 wanasayansi wawili wanawake, Joy Buolamwini mwenye asili ya Ghana na Timnit Gebru aliyezaliwa Ethiopia, walizipima programu za makampuni makubwa zilizodai kuweza kutazama uso wa mtu na kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, hata programu iliyofanya vibaya zaidi ilikosea chini ya mmoja katika kila mia. Kwa wanawake weusi, programu mojawapo ilikosea zaidi ya 34 katika kila mia. Sababu haikuwa uchawi. Mitambo ilikuwa imefundishwa kwa picha nyingi za wanaume weupe na picha chache za wanawake weusi, na hakuna aliyeona kosa hilo mpaka walipofika wanawake weusi wakalipima. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na dada zetu katika kazi hizi. Anayemfukuza mwanamke mbele ya kompyuta kwa matusi anaacha kompyuta hiyo itengenezwe na watu wasiomjua mama yake.

Turudi nyumbani, maana huku nako mifano ipo, na mingine yatuhusu sisi wa Chama. Chama hakipungukiwi heshima kwa kusema kweli juu ya historia yake. Katika Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopasa kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi. Nia iliyotajwa ilikuwa kuulinda utamaduni wa taifa. Lakini hata kabla ya siku ya kuanza, makundi ya wanaume huko Kariakoo yaliwavamia wanawake njiani. Wengi wa wanawake vijana wa mjini wakati ule walikuwa makarani na wapiga taipu, watu waliokuwa wakienda kazini. Barua zilimiminika katika magazeti, na wako wanawake walioandika kuuliza kwa nini utamaduni ulindwe kwa kuwapiga wao tu, hali wanaume walivaa suti za Ulaya bila kuguswa. Swali hilo halijapata jibu zuri hata leo.

Wala si la zamani tu. Katika Juni 2021 mbunge mwanamke wa Momba, jirani yetu wa Songwe, alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge kwa sababu ya suruali aliyoivaa. Siku hiyo na siku zilizofuata picha yake ilizunguka katika simu za nchi nzima, na watu waliipima suruali hiyo kwa macho kana kwamba wote ni mafundi cherehani. Wangapi walizungumza juu ya mahitaji ya wananchi wa Momba, ambayo ndiyo yaliyompeleka Dodoma? Kanuni za mavazi zaweza kuwapo katika nyumba yoyote yenye heshima. Lakini taifa likijua zaidi habari za suruali ya mbunge kuliko habari za jimbo lake, limeanza kusahau maana ya kumchagua mwakilishi.

Mfano mwingine ni wa kazi hizi hizi za mtandao. Bibi Faraja Nyalandu alikuwa Miss Tanzania katika mwaka 2004, alipokuwa akiitwa Faraja Kotta. Baadaye alisomea sheria, na katika mwaka 2013 alianzisha Shule Direct, ambayo huwapa wanafunzi wa sekondari masomo kwa njia ya mtandao, hata wale wa mahali penye uhaba wa walimu na vitabu. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Lakini mara nyingi atajwapo, msemaji huanza na taji. Mwaka huo huo 2013 Bibi Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls, inayowafundisha wasichana wa shule kuandika programu za kompyuta. Ni watu wangapi wanaoweza kulitaja jina lake, na ni wangapi wanaoweza kuyataja majina ya washindi wa urembo? Hatusemi kwamba urembo ni dhambi. Twasema kwamba mtu aliyefanya kazi mbili asilipwe sifa kwa ile nyepesi tu.

Na ikiwa mtu angali ana shaka kama wanawake waweza kuongoza kazi za namna hii, na atazame Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kuhesabu watu wake kwa vishikwambi badala ya makaratasi. Kamisaa wa Sensa hiyo alikuwa Mama Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, aliyekwisha kuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania, kuanzia 2010 hadi 2015. Makarani, wanawake kwa wanaume, walipanda milima na kuvuka mito na vyombo hivyo mikononi, na hesabu ikatoka: watu 61,741,120. Kati yao wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Kwa maneno mengine, wanawake ndio wengi kwa zaidi ya watu 1,600,000. Taifa litakaloziacha akili za watu hao wote kwa sababu ya kutazama sura zao litakuwa limejikata mkono wa kulia.

Sasa tuzijibu hoja za wale wanaoitetea tabia hii, maana wana hoja, na haifai kuzipuuza.

Hoja ya kwanza husema: Huu ni utani tu. Ndugu zetu, sisi twaujua utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Lakini utani una sheria zake. Mtani ana jina na uso, na unajua kwao ni wapi. Akikutania, nawe wamtania, naye hana ruhusa ya kukasirika. Na siku ya msiba mtani huyo huja, akashika jembe, akasaidia kuzika. Je, huyu ajifichaye nyuma ya jina la uongo, akamtukana msichana asiyemjua, atakuja kwenye msiba gani? Basi asijiite mtani. Jina lake ni mchokozi.

Hoja ya pili husema: Mbona wenyewe huziweka picha zao? Twauliza: Na fundi mwanamume je, haweki yake? Mtu awekaye picha yake kando ya kazi yake ametia sahihi. Amesema, mimi ndimi niliyefanya, niulizeni. Kutia sahihi si kujiuza, wala hakumpi mtu wa njiani haki ya kuipima sahihi hiyo kwa jicho la tamaa.

Hoja ya tatu husema: Maneno hayavunji mfupa. Lakini mishahara yavunjika. Mwajiri anayesoma maneno hayo kila siku huanza kuyaamini, na ndipo tuonapo matangazo ya kazi yanayotaka binti mwenye mvuto, kana kwamba mvuto ndio utakaotunza vitabu vya hesabu. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 na shirika la Pollicy la Kampala uliwahoji wanawake 3,306 katika nchi tano za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Ethiopia. Zaidi ya robo yao walieleza kwamba wamekwisha kuonewa au kutishwa katika mtandao. Watu hao hawakuvunjwa mifupa. Walivunjwa moyo, na mfanyakazi aliyevunjwa moyo hutoa nusu ya uwezo wake.

Tena wafanyakazi wote yawapasa kujua nani anafaidika. Makampuni yenye mitandao hiyo, ambayo mengi yako ng'ambo, hupata fedha kwa kuuza matangazo ya biashara, na bei ya tangazo hutegemea wingi wa macho. Programu zao huyatanguliza mbele yale yanayotazamwa na kujibiwa zaidi, na hakuna kinachojibiwa upesi kama ugomvi na matusi. Kwa hiyo kijana wa Njombe amtukanapo binti wa Matamba, yeye hapati hata senti moja. Binti hupata machozi. Na tajiri wa mbali hupata faida. Zamani tuliwaita kupe wale walioishi kwa jasho la wengine. Leo tunamlisha kupe huyo kwa aibu ya dada zetu, na tunamlisha bure.

Sheria nayo haikulala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, yamkataza mtu kumnyanyasa mwenzake kwa njia ya kompyuta, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya jinsia. Katiba yetu yakataza ubaguzi huo pia. Lakini msichana wa kijijini hawezi kuisimamia sheria peke yake, na askari mwenye kucheka apokeapo malalamiko yake huifanya sheria kuwa karatasi.

Kwa hiyo twayataka mambo manne. Kwanza, viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi waliweke jambo hili katika ajenda zao, na mwanachama anayejulikana kwa matusi ya namna hiyo aitwe na kuonywa kama angeonywa kwa kumtukana mwanamke mkutanoni. Pili, waajiri wa Njombe na Makambako wayafute maneno ya mvuto na urembo katika matangazo yao, wakatae pia kudai picha kabla ya kumpima mwombaji kwa vitendo. Tatu, walimu wakuu wawafundishe wavulana, si wasichana peke yao, adabu ya mtandao. Maana tumezoea kumwambia msichana ajihadhari, bila kumwambia mvulana aache. Nne, vituo vya polisi vipokee malalamiko haya kwa uzito, vikianza kwa kumsaidia mlalamikaji kuyahifadhi maneno aliyoandikiwa kabla hayajafutwa.

Na kwenu, dada zetu mlio katika vibanda, katika maofisi na katika vyuo, twasema: msiondoe majina yenu. Wekeni kazi zenu mahali zinapoonekana. Mkishambuliwa, semeni, na semeni kwa majina ya waliowashambulia mkiyajua. Si haki kwamba mzigo huu uwe juu yenu, na ndiyo maana tumewaandikia kwanza wanaume.

Mwanamume msomaji, utakapoona leo picha ya msichana aliyetengeneza kitu, uliza kama kitu hicho chafanya kazi. Kama hakifanyi kazi, mwambie palipoharibika. Kama chafanya kazi, kinunue.